Filimbi ya Sekunde Tisa

Pell Creek, Nebraska
24 Novemba

Wifi yangu mpendwa Verlene,

Pokea salamu zangu na za kaka yako Delmar. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba mvua za huko Oregon zinakuacha utoke nje kidogo. Sisi tunapumua, zaidi ya hapo sina la kukudanganya.

Najua umeona kwenye televisheni. Jumamosi ya wiki iliyopita Delmar alikuwa mwamuzi wa pembeni, chuo cha Tarwater kilipocheza mpira wa Kimarekani na chuo cha Osgood. Zilibaki sekunde tisa, Tarwater wako nyuma kwa pointi nne. Kijana wao, Tavion Briggs, akaukumbatia mpira na kukimbia sambamba na mstari, mbele yake hapana mtu wa kumzuia asifunge. Delmar akapuliza filimbi: mguu umetoka nje. Picha zikaonyesha nyasi baina ya kiatu na mstari, upana wa vidole viwili. Lakini sheria unaijua: filimbi ikishalia mpira umekufa, hata picha haziwezi kuufufua. Wakajaribu mara moja tena, wakashindwa, muda ukaisha.

Tangu hapo hatuna amani. Jumatatu kocha wa Tarwater alifukuzwa. Tavion alilia mbele ya kamera, kisha akasema kwa upole, "Mzee wa watu aliona alichoona, mwacheni." Heri angetukana. Hapa mjini hakuna aliyemwacha. Tulipokwenda kula kwa Dottie, jamaa mmoja alisukuma kiti njiani akapaza sauti, "Mzee, angalia kiti! Au nacho kimetoka nje?" Mgahawa mzima ukacheka. Delmar akamjibu, "Kijana, miaka ishirini na miwili naitwa kipofu. Tafuta tusi jipya." Nyumbani hakuvua hata koti; aliketi nalo jikoni.

Wengine wanadai alihongwa. Ofisi ya waamuzi imemsimamisha, naye amekataa kukiri kosa. "Niliuona mguu juu ya rangi nyeupe," anarudia kila siku, "Mungu ni shahidi."

Verlene, hasemi uongo. Ndivyo alivyoona.

Mwezi Machi daktari alimkuta na presha ya macho, ileile iliyompofusha marehemu mzee wenu. Jicho lake la kushoto sasa ni kama dirisha lenye ukungu. Alinikataza nisikwambie. Julai waamuzi wote walitakiwa kupimwa macho. Nikatangulia kliniki, nikajifanya nataka miwani, nikainakili ile chati ya herufi nyuma ya bahasha, mstari kwa mstari. Wiki mbili nilimkaririsha hapa mezani kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku ya tatu alitaka kuacha. Alisema, "Lorna, hii si haki kwa wale vijana." Mimi ndiye niliyemwambia, "Acha maneno, soma."

Niliogopa, wifi. Nilimkumbuka mzee wenu kwenye kiti chake, miaka tisa akingoja kufa, nikajua Delmar bila Jumamosi zake atakaa vivyo hivyo, na mimi ndiye nitakayemtazama. Basi nimempeleka kulekule nilikokukimbia, na njiani nimewakanyaga kocha na yule mtoto wa watu.

Jana Delmar alizima televisheni, akanishika mkono. Alisema, "Wewe macho yako mazima, na ile picha umeiona mara mia. Niambie kweli, mke wangu. Mguu ulikanyaga?"

Nikamwambia ulikanyaga.

Akanishukuru. Akaniomba niwaandikie waamuzi niseme hivyo, kwa jina langu.

Tafadhali kapime macho yako wiki hii. Usingoje maumivu, ugonjwa huu hauumi. Nisalimie mumeo Curtis na wanao. Usiponijibu sitalaumu, lakini kaka yako mpigie simu, umwache azungumze.

Ni mimi wifi yako, nisiye na uso wa kukutazama,

Lorna Kuhlmann