Kibonye Nilichokiacha Mwisho

Yaya Bahati, kaka yangu uliyenitangulia,

Siku ile ulipoleta kile kimashini cha kurudia sauti kutoka Bujumbura, nilikucheka mpaka mbavu zikauma. Mutu muzima anajiimbia peke yake! "Weye cheka tu," ulisema. Ukaimba mstari mmoja wa kwaya, ukakanyaga pedali, mstari ukaanza kuzunguka. Ukaongeza wa pili juu yake, wa tatu, mpaka chumba chetu cha Kalundu kikajaa Bahati watupu.

Ukanionyesha na kibonye cha pembeni. Ukikizungusha mpaka mwisho, kila unachoongeza kinabaki na cha zamani hakipungui. Ukikirudisha nyuma, kila mzunguko sauti ya zamani inafifia na kuipisha mpya. "Usikiache mwisho mikro ikiwa wazi," ulinionya. "Itakusanya hata kikohozi." Kwa ubishi wangu, nilisikia nusu.

Tulipokuzika, nilikiwasha kimashini, wimbo wako ukiwa bado umo, mama akusikie. Kibonye nilikiacha mwisho. Mikro ya kunasa sauti nikaisahau wazi.

Yaya, niliogopa! Siku ya tatu uliimba na ndani ya wimbo mlikuwa na kilio cha shangazi, mlango ukifungwa, jogoo wa jirani. Mama akawa anakaa mbele ya bafle iliyotoa sauti yako kila mchana. "Bahati, ulishakula?" Halafu ananyamaza, nawe unaguna "mmh," kama ulivyozoea kati ya mistari. Mzunguko uliofuata, swali lake lilikuwamo tayari, na mguno wako nyuma yake, naye hajafungua mdomo.

Wajomba walikuja kumaliza matanga. Mama akakataa kutoka kwenye mkeka. "Munamaliza matanga ya mutu mwenye anaongea?" Alikuwa anapakua bukari, ugali wetu, sahani mbili, yake haigusi. Mikono yake ikabaki mifupa.

Jana mchana nikapiga magoti, nikakirudisha kibonye nyuma. "Mama, endelea kumuongelesha." Kila neno lake lilikusogeza mbali, nami nilijua, yeye hakujua. Nisamehe. Jogoo alikwenda, shangazi akafuata, kisha wewe, mstari kwa mstari. Ukabaki mguno. Halafu ikabaki sauti ya mama tu, inaita, inapungua.

Alinitazama. "Ni weye ulimufukuza?"

"Ni miye, mama."

Alilia mpaka jua likashuka nyuma ya milima. Kisha akakunja mkeka mwenyewe, akala bukari na ndagala, wale dagaa wa ziwani, akamaliza.

Leo asubuhi kimashini kiko ndani ya sanduku, hata waya nimeutoa. Mama alikuwa anaosha sahani huku akiimba mstari wako. Ulipoisha, akauliza bila kugeuka: "Ulishakula?" Akasubiri kiasi kile kile. Niliapa kunyamaza, yaya. Kabla sijajua, nimeshaguna, na sauti haikuwa yangu.

Mama akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuosha.

Pumzika, yaya. Kama huko unakishika kibonye changu cha moyoni, kirudishe nyuma kidogo.

Mdogo wako, yule wa sauti ya pili