Somo la Siku ya Mbegu

Jumatatu, 3 Novemba
Nimesahihisha madaftari hadi mkono ukafa ganzi. Biolojia, Kidato cha Nne, mageuko ya viumbe. Nusu yao wamejibu vizuri, kisha wakaongeza chini kwamba hawaamini. Nimewapa maksi zao zote. Joto kali. Mvua bado.

Jumapili ni siku ya mbegu kule nyumbani, Kwihara. Kila kaya italeta ungo wa mbegu kigangoni zibarikiwe. Baba ni katekista. Mimi ndiye msomaji wake tangu macho yake yaingie ukungu.

Jumatano, 5 Novemba
Baba kapiga simu. Nisisome Jumapili. Kuna mzazi kamwambia kuwa binti wa katekista anafundisha watoto kwamba watu wametokana na nyani. Nikaanza kueleza, akakata.

Nimechukia. Huyo mzazi naye, mdomo haupumziki.

Alhamisi, 6 Novemba
Chai imenishinda. Nawaza zamani tu. Mimi na baba tukirudi shamba kwa ile njia ya zamani ya misafara, majembe begani, michembe ya viazi vikavu mfukoni. Nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa nimeona kitu kwenye Biblia yake. Mwanzo, sura ya kwanza, mimea inaumbwa kabla ya mtu. Sura ya pili, mtu kwanza, mimea baadaye. Nikamuuliza ipi ya kweli.

Baba wa mwingine angenichapa. Wangu alicheka, akanimegea mchembe, akasema niendelee kuuliza. Siku ya mbegu yeye alikuwa akisoma ile ya pili, ambapo hakuna kilichoota kwa kuwa mvua haijanyesha na wa kulima hayupo. Alisema aliyeandika pale aliijua Novemba.

Ualimu wangu ulianzia pale njiani. Leo ananionea aibu. Inauma.

Jumamosi, 8 Novemba
Bodaboda hadi Kwihara. Nikamwamkia baba, shikamoo. Marahaba yake ilitoka nusu.

Tukachambua mbegu za karanga. Mwishowe nikamwambia sijawahi kufundisha kuwa Mungu hayupo. Nafundisha kwamba ilichukua muda. Akauliza muda gani. Mabilioni ya miaka, nikasema. Vidole vyake viliendelea kutafuta mbegu mbovu.

Nimempoteza. Ugali nimeuacha.

Jumapili, 9 Novemba
Nyungo zilijaa mbele ya altare. Nilikaa benchi la nyuma, kama mgeni.

Baba akasimama na fimbo yake. Akasema maswali ya huyu binti aliyafundisha yeye mwenyewe, kwa hiyo mwenye lawama amletee yeye. Akaniita. Hakuna aliyetoka, hata yule mzazi.

Akaniambia nisome zote mbili, ya kwanza kisha ya pili, bila kuruka. Sauti ilinikatika mara kadhaa. Alisubiri.

Jumamosi, 15 Novemba
Mvua ilinyesha juzi. Nimerudi Kwihara kupanda. Baba kigodani, mwisho wa tuta. Mimi nafukia karanga.

Akachota udongo, akaunusa. Akauliza tena, miaka mingapi nilisema. Nikamwambia. Akaufikicha kwa vidole.

"Kumbe Mungu hakuwa na haraka," akasema.

Akaurudisha udongo kwenye tuta, akausawazisha kwa kiganja. Nikaendelea kufukia.