Wali wa Krismasi Umeliwa Novemba

Kilindoni, Mafia
Jumapili, 11 Novemba 1951

Mpendwa dada yangu Damari,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti lako linakubali kupanda kilima cha kanisani bila kukuaibisha mbele ya watu. Shemeji hajambo? Lukasi wako je, bado anaziba masikio kengele ikilia? Na huko Bonde vuli imeshuka, au mngali mnatazama mawingu tu? Sisi huku miili ni mizima. Monika sasa anasema kila kitu, hata yasiyofaa kusemwa. Mwenzangu Eliya yuko zahanati kwake, wagonjwa hawaishi. Mimi nipo. Zaidi ya hapo ngoja, nitakueleza mwenyewe.

Barua yako niliipata. Umeniambia nifunge mizigo, nimchukue Monika, nipande meli ya mwanzo wa Desemba nije kula Krismasi nyumbani, na Eliya atafuata akipata ruhusa. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Jibu langu limo humu, lakini usirukie mwisho, maana nakujua.

Ile simu ya maandishi niliyokupelekea ilikuwa na maneno machache, kwa hiyo hujui ilivyokuwa. Benedi wangu alishikwa na homa Jumamosi. Alicheza nayo mpaka jioni, hata sikuijali sana. Jumapili degedege likamchukua. Eliya alimpa kila dawa iliyokuwamo kabatini. Dada, huyu ndiye anayewatibu watoto wa Kilindoni nzima, na wengine huletwa kutoka Ndagoni wamebebwa migongoni, wakarudi kwao wakitembea. Wa kwake akamfia mikononi. Tangu hapo akirudi nyumbani ananawa mikono, ananawa tena, kisha anakaa kimya.

Padre hayupo huku, kanisa halipo, na Wakristo ni sisi na askari mmoja Mngoni ambaye siku ile alikuwa safarini. Sala za maziko alisoma Eliya mwenyewe, sauti ikamkatika katikati, nikamalizia mimi. Kaburi alilichimba Mbaraka, fundi seremala wa mtaani kwetu, pamoja na wenzake, Waislamu watupu, na jeneza wakalibeba wao. Makaburi yao ni yao, kwa hiyo tulipewa mahali nyuma ya boma, kwenye mikorosho. Yuko peke yake pale. Mtoto ambaye hata uani hakukubali kwenda bila kushikwa mkono!

Tuliporudi Eliya akasema hatuweki matanga. Eti yeye ni mtumishi wa serikali, wagonjwa wanangoja, na sisi mila hizo tumeziacha. Tumeziacha lini, sijui, maana mama yetu alipofariki Bonde zima lililala uani kwetu. Siku ya tatu akarudi kazini. Wanawake walikuja na mikeka yao, wakakuta mlango umefungwa, wakarudi nayo. Nilikuwa ndani nikisikia nyayo zao na sikufungua. Nilidhani nikifungua nitapasuka. Baada ya hapo watu wakaacha kuniita Mama Benedi. Ghafla nikawa Mama Monika. Walifanya kwa huruma, najua, lakini huruma nyingine inauma kuliko tusi.

Sasa sikia habari ya Krismasi. Unanijua nilivyo. Mama alikuwa akisema Perpetua huinjika chungu kabla njaa haijazaliwa. Mwaka huu nilianza mwezi wa Agosti, Benedi yu hai. Nilitaka tupate Krismasi ya fahari, si ile ya mwaka jana ya chai na mkate mkavu. Fahari yenyewe hapa haiuzwi dukani, basi nikasema nitaitengeneza kwa mikono yangu. Nikakata gauni la Monika na shati jeupe la Benedi. Nikasuka nyota ya ukindu. Nikafinyanga Mariamu, Yosefu na ng'ombe wa udongo, nikawaanika. Benedi akamvunja ng'ombe pembe zote mbili, nilipotaka kumchapa akasema sasa huyu ni punda. Punda huyo ninaye.

Alipokufa niliviacha vyote. Halafu nikaanza tena, kwa hasira. Ndiyo, hasira, usishangae. Nikikaa bure nalia, nikilia Monika naye analia, Eliya akija akitukuta hivyo anageuka na kutoka. Nikasema nyumba hii itapendeza, atake asitake, labda ikipendeza atafungua kinywa. Nilipomuuliza akanijibu, “Fanya upendavyo.” Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu ya wiki ile.

Nikapaka kuta chokaa. Kuku nikawafungia bandani wanenepe. Nikaagiza mpunga Kirongwe, ule wenye harufu, tukautwanga mapema mimi na Mize kabla mvua haijauharibu. Mize ni jirani yangu, mumewe mvuvi. Ana mikono ya nguvu na maneno machache, na hayo machache ni “liandikwalo ndilo liwalo”. Aliyarudia kinuni mpaka nikamwambia, Mize, twanga.

Kisha nikaenda kwa Bi Jokha kumwomba sufuria yake kubwa na mikeka, maana Maulidi ya mfungo sita iko njiani na vyombo vyake hugombewa, asiyewahi hapati. Bi Jokha ndiye mwenye nyumba tunayokaa. Ni mtu mzima, babu yake Mwarabu wa Manga, minazi yake haina idadi, na akisema hata kuku wananyamaza. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, nikamwambia nataka kupikia watu. Hakuniuliza watu gani. Akanishika kidevu kama mtoto mdogo, akasema, “Umefanya vyema, mwanangu. Tulikuwa tukikungoja.” Mimi nikadhani ananisifu kwa bidii yangu. Mjinga mimi!

Alhamisi hii iliyopita, baada ya adhuhuri, nilikuwa nimesimama juu ya kiti nikitundika makuti machanga mlangoni ili nione tu yatakavyokaa. Nikasikia hodi, na hodi nyingine, na nyingine. Kugeuka, ua umejaa wanawake. Mbele Bi Jokha, nyuma yake Mize, na wengi ambao hata majina yao siyajui, wengine wametembea kutoka Kiegeani na Ndagoni, wale ambao Eliya aliwatibia watoto wao. Kila mmoja amekuja na kitu: nazi, mchele kidogo kwenye kikapu, chupa ya samli, mzigo wa kuni. Wakavua viatu, wakatandika mikeka, wakakaa. Mize akapita moja kwa moja jikoni, akawasha moto.

Ndipo nikafahamu. Walikuwa wameona chokaa, mpunga, kuku na sufuria, na arobaini ya mtoto inaangukia siku hiyohiyo. Wakajua mama wa marehemu amejiandaa. Mimi mama mtu siku hizo sikuzihesabu, wao walizihesabu.

Nikashuka kwenye kiti. “Bi Jokha, niwie radhi,” nikamwambia. “Hii si arobaini. Najitayarishia sikukuu yetu. Hata haijafika, ni mwezi ujao.”

Akatazama makuti, akatazama kuta, akanitazama mimi. “Sikukuu? Na mtoto hajakaliwa matanga?”

Nikayavuta yale makuti mlangoni.

“Ninyi ni watu gani,” akasema, “mnazika kisha mnafunga mlango? Sikukuu ina siku yake, itakuja yenyewe. Mtoto siku yake ni leo. Haya, toa hao kuku.” Kisha akaishusha sauti. Akasema hawakuja kunisomea hitima wala kunisilimisha, dua kila mtu ataomba yake kwa Mola wake, wao watakaa tu. “Kukaa na mfiwa hakuna dini, Mama Benedi.”

Hilo jina, dada. Nilipolisikia nilikaa chini palepale na makuti mkononi, nikalia kile kilio nilichokuwa nimekizuia tangu kaburini. Hawakuninyamazisha. Hakuna aliyeniambia nijikaze. Mmoja alinishika mgongo, mwingine akamchukua Monika, na Mize aliendelea kukuna nazi. Hata liandikwalo lake hakulisema siku hiyo.

Eliya alirudi alasiri akikokota baiskeli, akawakuta wanaume wamejaa barazani pamoja na Mbaraka. Akasimama kama aliyepigiliwa misumari. Niliogopa, nikajua sasa atataja wagonjwa, atataja serikali, atatuaibisha. Mbaraka akainuka, akaipokea ile baiskeli, akaiegemeza kwenye chokaa yangu mpya (alama ipo mpaka leo, nimekataa kuifuta), akamshika mkono na kumketisha. Nilimsikia akimwambia, “Bwana daktari, leo mgonjwa ni wewe. Kaa.” Eliya akajifunika uso. Sijapata kumsikia mwanamume akilia vile, na wale wenzake wakainamisha vichwa wakamwacha alie. Chakula kilipotoka alikula. Sahani yake ilirudi jikoni tupu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba.

Basi ndiyo hivyo, wali wa Krismasi umeliwa Novemba. Kuku nao wamekwisha, isipokuwa jogoo mmoja aliyeruka ukuta. Sukari imekwisha, iliki imekwisha, na zile zabibu kavu ulizonipelekea zimekwenda katika pilau ya watu ambao hawajui Krismasi ni nini. Nimebaki na nyota ya ukindu na punda asiye na pembe.

Usije ukadhani nimepona. Kila asubuhi bado napapasa kitandani kutafuta miguu yake. Na Mungu bado namgombeza, padre akija nitamwambia hivyohivyo, nawe tafadhali usiniandikie tena kwamba ni mapenzi yake. Eliya bado ananawa mikono. Ila juzi, tukimtazama yule jogoo uani, alisema, “Benedi angempenda huyu.” Ni hayo tu. Lakini jina la mwanawe alikuwa hajalitamka tangu tulipomzika, na mimi nililipokea kama mwenye kiu.

Sasa jibu lako. Siji, dada. Sanduku lilikuwa limekwisha kufungwa nusu, limesukumwa chini ya kitanda Eliya asilione. Nimelifungua. Nilitaka kuja, sikufichi. Nilitaka nikukimbilie wewe nisilione tena lile pori la mikorosho. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Umbali si kosa lako wala langu, ila waliokuwa karibu walikuja na fimbo zao hata mlango ulipokuwa umefungwa. Nikiondoka sasa, nani atakaa na Eliya? Na yule mdogo nyuma ya boma nitamwachia nani? Mize amekuwa akimpalilia bila kuniambia, nilimkuta huko Ijumaa, jembe mkononi, akaona haya kana kwamba nimemkamata akiiba.

Tena Bi Jokha ameniuliza sikukuu yetu ni siku gani hasa. Anasema tumemnyima sikukuu kwa kumlisha arobaini, kwa hiyo atakuja kuidai, na atavaa nguo zake za Idi. Kwa hiyo nimeanza upya. Mize ametoa mpunga wa shambani kwao, kesho tunatwanga. Itakuwa Krismasi ya huzuni, haina kengele, haina misa, na pahali pa mtu mmoja mkekani patakuwa wazi. Lakini mlango hautafungwa.

Nisalimie shemeji, na shangazi Beatrisi umwambie dawa ya macho Eliya atampelekea. Mjomba Mhina mpe shikamoo yangu, na watoto wote wa nyumba ya juu wape salamu mmoja mmoja, usiwajumlishe kama mbuzi. Monika anakuamkia. Eliya anakusalimu, na safari hii ni yeye kweli amesema nikusalimie, sikumtungia.

Mwisho, kifurushi kinachofuatana na barua hii usikifungue mbele ya watu. Siku ile ya arobaini Bi Jokha aliniuliza nguo za mtoto, maana kwao ndiyo siku ya kuzigawa. Nilizitoa. Kaptula yake ya buluu naiona ikipita njiani na mtoto mwingine, nageuza uso. Lakini shati jeupe la Krismasi sikulitoa. Nilisema si nguo yake, hajawahi kulivaa. Kola nimeidarizi kwa uzi wa buluu kama mama alivyotufundisha. Vifungo bado, kwa sababu nilikuwa nikingoja nimpime tena sikukuu ikikaribia, alikuwa akikua upesi mno. Lukasi wako alizaliwa naye mwezi mmoja. Mpime yeye, kisha utie vifungo. Shati hili lilishonwa liende kanisani siku ya Krismasi, na huku kanisa hakuna, Benedi aliishi akafa hajasikia kengele hata siku moja. Mvishe Lukasi aende nalo. Umwambie siku hiyo tu, kengele ikilia, asizibe masikio.

Mungu, ambaye bado hatujapatana naye, akulinde hata hivyo wewe na nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye daima,

Perpetua
Mama Benedi