Paswedi Mahali pa Jina

Dada, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Si unajua nilizipanga mashine zetu zote za Unix, zile kompyuta za kazini, ziripoti kila kitu kwenye seva moja? Nikajigamba kwa bosi eti hakuna wa kufuta hata mstari wa ripoti hizo, hata mimi mwenyewe.

Leo namwonyesha kwenye skrini ya ukutani. Nikiingia kwenye mashine yangu, kwa papara nikaandika paswedi mahali pa jina. Paswedi, dada! Ile uliyoicheka!

Seva ikaianika: "Mtumiaji bosikichwamaji hajulikani."

Bosi akaisogelea skrini.

"Huyu nani?"

Nikasema labda mdukuzi. Mdukuzi!

Akavuta kiti, akakaa. "Mtafute. Siondoki mpaka umpate."

Nakuandikia simu ikiwa chini ya meza. Sasa hivi anasema, "Tuanze na mashine yako, tusije tukakushuku bure."