Masharti ya Kitinda

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka kabla ya redio ya jirani. Sikai, sisimami. Binti yangu akaniambia, Baba, utalitoboa zulia kwa kutembea. Nikachukua kofia, nikafika ofisini kabla mlinzi hajafungua.

Kazi ni ileile: kadi za zamani za watu waliopotezana, kuziingiza kwenye kompyuta, kadi moja mstari mmoja. Najitolea; mshahara wangu ni chai. Nikimaliza fungu langu naandika jina la baba yetu kwenye kisanduku cha kichujio, nimtafute mdogo wangu wa kike. Kitindamimba wetu — Kitinda. Leo pia mistari yote imetoweka, ukabaki weupe. Nikafunga, nikaenda zangu.

Jumanne, 4 Machi

Aibu. Jana niliondoka bila kukitoa kichujio, tena nikahifadhi. Asubuhi karani akafungua, akakuta patupu. Alisikika mpaka ghorofa ya pili: Mzee amefuta watu!

Fundi akaja na kikombe mkononi. Ndiye mwenye kompyuta zetu, mwanamke wa hatua za pole na ulimi wa wembe. Akabonyeza mahali pamoja, watu wakarudi wote. Kichujio hakifuti mtu, akasema, kinafunika tu, kama shuka juu ya wageni waliolala. Karani akasema basi babu asipewe shuka. Wakacheka. Nami nikacheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Baadaye Fundi akanivutia kiti. Unamtafuta nani kila jioni, babu?

Nikamwambia. Siku ya kukimbia vita, kivukoni, umati ukatukata katikati. Yeye bado ana mapengo ya meno ya utoto. Mimi tayari navaa suruali ndefu. Tangu hapo, kimya.

Alhamisi, 6 Machi

Usingizi wa mang'amung'amu. Maneno ya Fundi ya leo hayatoki kichwani.

Kumbe ninachokifungua kila asubuhi si jedwali lenyewe. Ni jibu la swali ambalo mtu aliliandika ndani ya kompyuta kabla sijaja hapa, na swali hilo lina sharti: leta mafaili yaliyo wazi tu. Yaliyofungwa hayakufunikwa na chochote — hayaletwi kabisa.

Nikabisha. Nimechuja kwa jina la baba, kwa jina la mama, kwa kijiji!

Umechuja vizuri, babu, akasema. Lakini kichujio kinapekua waliokwisha kuingia sebuleni. Sharti limesimama mlangoni. Aliyezuiwa mlangoni, hata uinue viti vyote humpati.

Na mimi nimeinua viti tangu mvua za mwaka jana.

Nikamwuliza faili hufungwa kwa nini. Akakunja kidole: mtu amepatikana. Akakunja cha pili: mtafutaji amechoka, amejiondoa. Cha tatu akakishika tu. Akaniambia, ukitaka nalitoa hilo sharti sasa hivi.

Nikasema kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Sikwenda. Nimemwambia binti yangu goti linauma. Goti zima kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda. Fundi akaandika swali jipya. Sharti la mafaili wazi akalitupa. Jina la baba yetu ndilo likawa sharti. Tukangoja. Ukaja mstari mmoja.

Ni yeye. Jina lake, la baba, la mama, kijiji, kivuko. Safu ya mwisho, ya sababu ya kufungwa, ilikuwa nje ya kioo. Nisogeze? akauliza. Nikasema ngoja. Nikafuta miwani, ambayo haikuwa chafu. Nikasema sogeza.

Akasoma kimya kwanza, kisha kwa sauti. Mtafutaji: mwanamke huyu. Faili limefungwa. Anayetafutwa amefariki.

Anayetafutwa — jina langu.

Kumbe naye alikuwa ananitafuta. Mtu akamwapia kwamba nimekufa, akafunga faili, na faili likamfungia yeye nje ya kila nilipochungulia. Fundi akanishika bega: Pole kwa msiba, babu. Nikacheka mpaka karani akaja kuchungulia. Nikashindwa kuacha. Mwishoni hakikuwa kicheko tena.

Jumatano, 12 Machi

Juzi tuliiandikia ofisi ya huko aliko; imejibu. Yuko hai. Mjane. Anashona nguo.

Anashona!

Binti yangu anataka tupige simu leo hii. Haiwezekani. Watu wetu wamedanganywa sana na ndugu wa bandia, hivyo upo utaratibu: anayeambiwa maiti wake amefufuka ana haki ya kuuliza swali moja, la jambo lisiloandikwa kwenye kadi. Jibu likimridhisha, anatoa namba. Lisipomridhisha, basi. Nimewasomea wengine maswali hayo, nikiwaambia tulieni, kumbukeni polepole. Sikujua nilikuwa nasema nini.

Sili vizuri. Natembea tu. Zulia maskini.

Jumanne, 18 Machi

Swali limekuja. Cherehani ya mama tuliiacha wapi?

Mungu wangu. Ningeulizwa chochote kingine.

Cherehani hiyo nimeisimulia mno. Kwa binti yangu, alipokuwa mdogo, tuliizika nyuma ya jiko, chini ya majivu, ili awe na kitu cha kwenda kukichimbua siku moja. Kwa marehemu mama yake tuliitupa kando ya barabara, miguu juu, kwa sababu mke wangu hakupenda hadithi zenye tumaini la bure. Sasa naziangalia zote mbili. Kila moja ina harufu yake na mwanga wake. Moja niliitunga. Sijui ni ipi.

Binti yangu kaniambia kwa simu, chagua tu, Baba, ni nusu kwa nusu. Kama anayerusha sarafu juu ya kichwa cha shangazi yake.

Fundi kasema kisanduku cha kujibia kinapokea jibu moja. Kisiachwe kitupu, kitupu hakivuki sharti lolote. Nikamwambia, na uongo je? Akanywa chai yake.

Lipo jambo moja nisilowahi kumsimulia mtu, kwa hiyo sijaliharibu. Kitinda aligoma kuondoka bila cherehani. Mama alipomvuta mkono, akachomoa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi, akaificha shavuni. Uzi mweupe ukaning'inia mdomoni mwake njia nzima. Nilimtania kwamba ameota ndevu.

Nimeandika hivyo. Mahali sikumbuki, Kitinda. Nakumbuka ndevu zako.

Fundi amesoma juu ya bega langu. Babu, amesema, hili si jibu la alichouliza. Najua, nimesema. Nimeomba niandike humu daftarini kwanza. Ameshika kipanya, ananisubiri. Ananiuliza tena, nitume au nifute —