Wateja Wote Huilaumu Mota

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kanichorea kila kitu. Tangu tumzike mama sijaona siku zangu, nikajihukumu: kizazi kimekufa. Na tunataka mtoto, mimi na mume wangu, tunamtaka sana.

Kumbe ovari ni nzima. Kilichonyamaza ni ubongo! Chakula sikigusi, kazi nafanya kama punda. Ubongo ukaona hapa mimba haibebeki, ukaacha kutuma homoni. Yaani nilikuwa nalindwa. Nimelia mbele ya daktari.

Miaka yote ya kutengeneza friji nawacheka wateja—friji ikigoma tu, fundi, mota imekufa. Kumbe thamostati, kile kidude kinachopima baridi na kuiamuru mota iwake au izime. Nami yale yale.

Jumanne, 4 Machi

Ule mchoro hautoki kichwani. Ubongo unatuma homoni, ovari inakuza yai na kutoa estrojeni. Estrojeni ikipanda, ubongo unapunguza kutuma. Nikamwambia daktari hii naijua, thamostati hii. Akacheka, akasema ngoja. Estrojeni ikizidi na kukaa juu, ubongo unageuka—unamwaga homoni kwa mkupuo, yai linatoka!

Friji gani inaweza hivyo? Ningeiunda mimi ingeungua.

Na kifuko kilichotoa yai hakikai bure; kinatengeneza projesteroni, kinatunza ukuta wa kizazi. Mimba isipoingia, kinanyauka, ukuta unashuka, ubongo unaanza upya. Na mwenye mwili yuko sokoni anachagua nyanya.

Jumapili, 16 Machi

Nimemaliza vidonge vya projesteroni alivyonipa daktari kunipima. Nikiona damu baada ya kuviacha, basi ukuta ulikuwepo, ovari inajikongoja. Nisipoona, matibabu marefu. Naogopa. Nimejilazimisha kula, mume kajifanya hanitazami.

Jumatano, 19 Machi

Naandika chooni kwa muuza nyama. Nilikuwa kwenye chumba chake cha baridi, nafungua feni. Tumbo likanyonga. Nikasema baridi hiyo. Likanyonga tena, kama zamani siku zangu zikifika.

Damu! Kidogo, lakini damu. Pedi sina, nani angebeba? Nimekunja kitambaa kipya cha kufutia mashine.

Najua, mtoto bado. Lakini mwili huu—nilishauzika, na wenyewe unaendelea na kazi.

Nimempigia mume. Nikamwambia imekuja. Akauliza kama nimekula.

Muuza nyama anagonga. Anauliza fundi vipi, mashine itapona? Nafunga daftari, namjibu: itapona, mota ni nzima.