Antena Mbili za Murangi

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Aibu! Jana kipokezi nilichowafungia wavuvi wa Murangi kililia ishara ya hatari. Watu wakakimbilia ziwani — wanafika, Ryoba na wenzake wazima kabisa, wanakula ugali na furu! Hakuna aliyebonyeza kitufe cha kuomba msaada mtumbwini. Mke wa Ryoba, Petronila, mwenye mitumbwi, kanipigia simu hapa dukani Iringo. Nahodha wake mwingine, Lameck, kashang'oa kisanduku chake chenye kitufe hicho. Hasafiri na kitu cha uongo. Petronila kanipa Jumamosi nijaribu tena. Mara moja tu.

Jumanne, 5 Agosti
Tatizo nimelijua. Ishara ikigonga maji inafika kwa njia nyingi, zinauana zenyewe kwa zenyewe. Inafifia. Nikalegeza kipokezi kisimkose mtu — kikapokea makelele, kikadhani ni mtu! Nikikaza, kinamkosa mtu kweli. Nalegeza, nakaza. Chai imepoa mara mbili.

Alhamisi, 7 Agosti
NIMEPATA! Juu ya paa langu, Bweri. Nimesogeza antena hatua mbili tu — ishara iliyokuwa imekufa ikafufuka! Kumbe ishara ikififia hapa, pale inasikika. Basi antena mbili, na inayosikia vizuri ndiyo isikilizwe zaidi. Nimecheka peke yangu. Jirani kauliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia ndiyo!

Jumamosi, 9 Agosti. Murangi
Saa nne asubuhi. Naandika hapa hapa, nimekalia ndoo. Ryoba yuko nyuma ya kisiwa, simu haimpati. Tulikubaliana abonyeze mara moja kila robo saa. Ametimiza mara sita — taa ya kipokezi imewaka mara sita. Hakuna iliyokosa, hakuna ya uongo. Alhamdulillahi!

Halafu taa ikawaka nje ya wakati. Ikawaka tena — fupi, fupi, ndefu. Makelele yamerudi, nikasema. Nikanyoosha mkono nikaze.

Petronila kanidaka. "Acha, mwanangu! Hiyo ni ngoma ya harusi yetu. Anaipigaga mezani hivyo hivyo akishiba!"

Makelele hayajui ngoma! Kapiga kigelegele, anacheza na kanga kiunoni, wanawake wa dagaa wanampigia makofi. Lameck kaja na kisanduku chake, anauliza kinafungwa mbele au nyuma. Nimemwambia subiri, jaribio halijaisha.

Upepo umeanza. Mawimbi yanapanda. Antena ya kwanza imekata. Ya pili bado inamsikia — fupi, fupi, ndefu!